Vifaranga wa Bibi Mageni

21 Novemba 1953, Jumamosi

Daftari hili ni la Ignas Mihayo, mwana wa Donatus, na asiyejua kusoma asilishike, atalichafua bure. Mwalimu Alois alinipa mwaka jana, siku yalipotoka majina ya waliochaguliwa kwenda shule ya kati, langu likiwa halimo. Alisema niandike kila siku nisije nikasahau. Mwaka mzima sikuwa na la kuandika. Leo ninalo.

Nimenunua vifaranga kumi na watano mnadani Kagongwa. Si hawa wa kwetu wenye shingo kama kamba. Baba yao ni jogoo mwekundu wa Bwana Shamba, jogoo anayetembea kama karani wa bomani. Aliyeniuzia ni Mama Mwamvua, mke wa mtu wa reli. Alinishauri nimchukue na koo wao, maana kifaranga bila mama ni kazi. Nikamwambia, "Mama, mimi nanunua vifaranga, sijaja kuposa." Watu wakacheka. Naye akasema, "Haya, baba. Basi usiku utawaatamia mwenyewe." Wakacheka zaidi, lakini aliyeanza kuwachekesha ni mimi.

Fedha niliipata Geita, miezi miwili ya kubeba mawe mgodini pamoja na kaka Onesmo. Yeye bado yuko kule. Mimi niliacha. Baba anasema nilikimbia. Tutaona. Kwetu kuku huzaa mbuzi, mbuzi huzaa ng'ombe, na mwenye ng'ombe hakuna anayemuuliza alishindwa mtihani gani.

22 Novemba

Wawili wamekufa njiani. Jua.

24 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Asubuhi nimewakuta wamelundikana ndani ya tenga, nikadhani wanacheza. Kumbe wanatafuta joto, na wa chini kabisa amekuwa bapa kama ndala. Baba akapita, akatazama, akasema Onesmo ametuma salamu kwa dereva wa lori, amefanywa msaidizi wa nyapara. Juu ya vifaranga hakusema neno. Hivyo ndivyo baba anavyotukana.

Ndipo Bibi Mageni akaja akalibeba tenga bila kuniuliza.

Huyu Bibi Mageni alikuwa mke mdogo wa marehemu babu. Si mama mzazi wa baba, wala si Msukuma. Ni Msumbwa wa kule Ushirombo, na hata leo akikasirika anatukana Kisumbwa. Mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka mitatu, ndiye aliyenichukua. Nyumba yake iko pembeni kabisa ya mji wetu, karibu na uzio wa minyaa. Ametafuta chungu kilichovunjika mdomo, akakitandika pamba, akawatia vifaranga humo, akakiweka kando ya moto wa mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake unakata macho. Nilitoka nje nikilia machozi, yeye akabaki ndani anawahesabu kwa kidole.

Wako kumi na wawili. Wote wanalia kwa nguvu.

29 Novemba

Nimewapa majina ya vijana wa darasani kwetu waliochaguliwa kwenda shule ya kati. Napenda kuwaamrisha. Yule mkubwa anayetangulia kila mahali nimemwita Mwalimu.

3 Desemba

Bibi amenionyesha chakula chao. Unachukua chungu kizee, unakijaza mavi mabichi ya ng'ombe na mabua ya mtama, unakifunika kifudifudi juu ya tundu la kichuguu jioni. Alfajiri ukikigeuza, mchwa wamejaa mpaka wanamwagika. Ana vyungu vitatu, kila kimoja na kichuguu chake. Anaamka kabla ya jogoo wa jirani na kwenda kuviinamia porini peke yake, kitambaa kichwani, maana mimi hulala. Nimemwambia kijana anayekua anahitaji usingizi. Akasema, "Kukua umekua, ng'wanawane. Umebaki kulala tu." Ng'wanawane, yaani mwanangu, ndivyo anavyoniita.

Vifaranga wakiona chungu wanakimbia kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

8 Desemba

Kipanga amechukua mmoja. Kumi na mmoja.

25 Desemba

Noeli. Misa, kisha ugali na nyama ya mbuzi. Watu wote waliopita nimewaonyesha kuku wangu. Wameanza kuota manyoya mekundu mabawani. Katekista aliuliza siri ni nini. Nikamwambia siri ni kichwa, wengine wanacho cha kuvalia kofia. Nilieleza habari ya joto na mchwa kama mtu aliyeivumbua. Bibi Mageni alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha. Aliinua macho yake mekundu, akanitazama, akatabasamu, akaendelea kuchambua.

26 Desemba

Mvua.

27 Desemba

Mvua. Shemeji Coletha, mke wa Onesmo, amemwacha mtoto kwa Bibi kutwa nzima akaenda kupalilia. Mtoto anaitwa Tarsisi, ana miezi saba, anataka kula kila kitu pamoja na mkia wa Mwalimu.

14 Januari 1954

Mdondo umeingia. Umeanzia upande wa mtoni. Kuku anasimama, anapinda shingo kama anayesikiliza jambo chini ya ardhi, anaharisha kijani, kesho yupo kwenye majivu. Mama Zipora, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, amepoteza tisa kwa siku mbili.

Bibi amewafungia wangu ndani. Hatoki kuku, haingii mtu. Hata mimi ananitaka ninawe miguu mlangoni kama Mwarabu wa msikitini. Nilipolalamika akasema kwao Ushirombo waliona ugonjwa huu kabla sijazaliwa, unatembea kwa miguu ya watu.

22 Januari

Hakuna jogoo anayewika kijiji kizima. Asubuhi ni kimya mpaka unasikia ng'ombe wakicheua. Wa kwetu kumi na mmoja wapo, na Mwalimu anajaribu sauti, inatoka kama mlango usio na mafuta.

26 Januari

Leo Mama Zipora alinikuta kisimani akaniomba tembe mmoja, kuku jike mchanga, wa kuanzia upya. Sikutaka kumpa. Ningeweza kusema hapana, lakini hapana tupu haina ladha, na kisimani walikuwepo wanawake wengine watano na wasichana. Nikasema, "Mama, shikamoo, mimi ningekupa. Lakini hawa Bibi amewafunga dawa. Kifo kikija mlangoni anakiambia pita nyumba ya pili. Ukimtoa mmoja, dawa inamfuata aliyemchukua."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Mama Zipora naye alicheka. Ila alicheka halafu akaacha, na alipoacha akauliza, "Nyumba ya pili ni ya nani?" Nikasema, "Si ni yako, mama?" Wakacheka tena.

Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa. Nilimsimulia Bibi. Hakucheka. Alisema maneno mengine hayachezewi na watu walio na njaa.

9 Februari

Jua kali wiki nzima, mahindi yanajikunja. Watu wanaangalia juu, kisha wanaangaliana.

17 Februari

Mama Zipora amekutana na Bibi alfajiri kichuguuni. Anasimulia kisimani kwamba alimkuta ameinama anazungumza na shimo. Bila shaka alikuwa akizungumza. Anazungumza na kila kitu, hata na jembe. Nilitaka kusema hivyo, lakini walikuwa wananisubiri nichekeshe, nikasema alikuwa anawapa mchwa mtihani wa darasa la nne.

25 Februari

Tarsisi ana homa.

27 Februari

Homa haishuki. Bibi anampoza kwa maji na majani, anamshika usiku mzima Coletha apate kulala. Baba amesema mvua ikipungua atapelekwa kwa baiskeli kwenye zahanati ya misheni. Mvua ambayo tuliiomba mwezi mzima ndiyo iliyokuja sasa, na mto umefunga njia.

1 Machi, Jumatatu

Tarsisi amekufa asubuhi, mkononi mwa Bibi Mageni.

2 Machi

Tumemzika. Dereva wa lori amepewa habari ampelekee Onesmo, lakini lori haliwezi kupita. Baada ya watu kutawanyika nilikuwa nawarushia kuku mtama. Coletha akaja akasimama nyuma yangu. Aliwatazama, akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Shemeji, kwa nini kuku wako wamepona na mwanangu hakupona?"

Niliendelea kuwarushia mtama mpaka ukaisha.

3 Machi

Jumatano ya Majivu. Baba alipakwa, mimi nilipakwa. Njiani kurudi wanaume wawili walimvuta baba kando. Nilisikia jina la Segese.

6 Machi, Jumamosi

Naandika yote leo, kwa sababu kesho nitatafuta namna ya kuyapunguza.

Kijijini Segese kuna mfumu, yaani mganga anayetazama kwa kuku. Desturi ni hivi. Mwenye shida anachukua kuku mchanga wa nyumbani kwake, ambaye hajawika sawasawa wala kutaga, anamtemea mate mdomoni yaliyochanganywa na unga, ili kuku abebe shida ya nyumba ile. Mfumu anampasua anasoma ndani yake. Baba ni Mkatoliki, ana rozari ukutani, na leo alfajiri alikuja mlangoni kwangu akasema anahitaji kuku. Kijiji kizima kuku walikuwa wangu tu.

Nilijisikia mkubwa. Niseme ukweli, ndivyo nilivyojisikia. Baba yangu alikuwa ananiomba. Nilimtoa Mwalimu, maana hakuwa na kasoro, nikambeba mwenyewe kwapani njia nzima. Wanaume wanne, baba na mimi. Bibi alituona tunatoka. Aliuliza tunampeleka wapi kuku, nikamwambia mnadani.

Mfumu si mzee. Ana saa mkononi, nadhani ni malipo ya mtu wa machimbo, na anakohoa. Hakutisha hata kidogo. Alimshika Mwalimu kwa miguu, akamnyonga haraka, akampasua kwa kisu kidogo, akamlaza wazi juu ya ungo. Akasoma mabawa, akasoma utumbo kama mwalimu anavyopitia daftari la mtoto mjinga. Akauliza kama nyumbani kuna mtu aliyetoka upande wa magharibi. Mmoja wa wale wanaume akajibu kabla ya baba, yupo, Msumbwa. Mfumu akaguna. Akaonyesha doa jeusi kwenye ini, dogo kama punje ya ulezi.

"Doa hili ni mkono uliomlea kuku huyu," akasema. "Mkono uliomlea kuku ndio uliomshika mtoto. Kuku alipewa uhai, mtoto akatolewa. Nani amemlea?"

Wote walinigeukia mimi.

Miezi mitatu na nusu nimesema ni wangu. Nimesema mbele ya katekista, kisimani, mnadani, mbele ya baba asubuhi na jioni: kuku wangu, joto langu, mchwa wangu, kichwa changu. Neno lilikuwa moja tu na nimelisema mara mia. Ningelisema, wangefanya nini? Wangenipiga. Labda wangecheka, maana nani amesikia mvulana wa miaka kumi na sita, aliyeshindwa hata hesabu, kuwa mchawi. Mfumu angelazimika kutafuta doa lingine.

Nilitazama kile kisu.

"Bibi," nikasema.

"Bibi yupi?"

"Bibi Mageni. Mimi nilinunua tu."

Baba alifumba macho. Bado alikuwa na alama ya majivu kwenye paji, haijatoka vizuri.

Njiani kurudi wao walitangulia, mimi nikafuata nyuma. Mikono yangu ilikuwa mitupu, nikawa sijui niiweke wapi.

7 Machi, Jumapili

Walikuja mchana, baada ya misa. Hawakumpiga. Watu wanasema ni kwa heshima ya baba. Walimwambia kijiji hakimtaki, atoke kabla ya jua kutua, kisha vijana wakapanda wakaanza kuvua nyasi za paa lake, fungu kwa fungu, wakizitupa chini. Wawili kati yao nilisoma nao. Mama Zipora alisimama njiani na mikono kichwani. Coletha alibaki ndani, hakutoka.

Bibi alikuwa anapika. Aliangalia juu akaona mbingu. Akatoa sufuria motoni, akamimina maji kwenye moto, akafunga kanga yake na michembe kidogo, viazi vyake vya kukausha, katika kifurushi. Alimwendea baba akamwambia, "Donatus, baba yako alinileta hapa kwa ng'ombe kumi na wawili. Leo nakwenda kwa miguu." Baba akasema, "Mama, si mimi." Hakusema ni nani.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimeshika tenga, sijui kwa nini. Nilidhani atanilaani, na nilitaka anilaani.

"Miezi yote umeniibia sifa, ng'wanawane, nikakuachia," akasema. "Jana ndiyo umeamua kunirudishia."

Akarekebisha kifurushi kichwani.

"Chungu kimoja kiko kichuguu cha mkwaju. Nimekitega leo mapema. Kesho ukigeuze kabla ya jua, likipanda mchwa hurudi chini."

Akashika njia ya magharibi. Mvua ilianza alipofika kwenye mbuga ya ng'ombe. Hakukimbia. Nami sikumkimbilia. Nina miguu mizuri, Geita waliniita Swala. Nilisimama na tenga.

8 Machi

Niliamka kabla ya jua. Nikageuza chungu. Kilijaa.

15 Machi

Mvua.

20 Machi

Mvua. Ukuta wa nyumba ya Bibi umeanza kuyeyuka. Nimehamishia kuku chumbani kwangu. Moto wa mavi makavu, maana usiku ni baridi. Nalala humo.

2 Aprili

Nimemuuliza mchuuzi wa chumvi aliyetoka Ushirombo kama amemwona bibi kikongwe mwenye kovu kwenye kidevu. Akasema bibi vikongwe barabarani ni wengi mwaka huu.

18 Aprili, Pasaka

Onesmo amefika. Amekonda, ana koti. Alikwenda kaburini kwanza akakaa huko mpaka saa sita. Aliporudi akaeleza kwamba huko Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi, homa hiyohiyo imechukua watoto tisa mwezi wa Februari peke yake, na msaidizi wa daktari amewaambia ni mbu wa mvua. Tisa, akarudia, na hakuna aliyefuga kuku. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote njiani. Akauliza, "Bibi yuko wapi?" ingawa alijua, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi. Coletha akainuka akaenda kuchota maji wakati mtungi umejaa.

Baba alichinja kuku wanne kwa ajili ya mgeni na sikukuu. Nyama ilikuwa nyingi, nyeupe, ya mafuta. Majirani waliitwa. Baba akashika paja akaliinua watu walione, akasema, "Huyu Ignas ni mfugaji. Niliwaambia?"

Hicho ndicho nilichokitaka tangu Novemba. Nilitoka nje na kipande changu cha nyama, nikakitupa nyuma ya zizi.

25 Aprili

Tembe mmoja ametaga. Yai dogo, lina damu kidogo. Nililipeleka kwenye nyumba isiyo na paa, nikaliweka ndani ya kile chungu kilichovunjika mdomo. Pamba imelowa.

2 Mei, Jumapili

Wamebaki sita. Leo alfajiri nilikuwa nimeinama kwenye kichuguu cha mkwaju nageuza chungu, na nadhani nilikuwa nasema na mchwa, maana mtu akikaa na kuku siku nyingi mdomo unajiendea wenyewe. Nilipoinuka, Mama Zipora alikuwa njiani na mtungi. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alitazama chungu, akatazama macho yangu, ambayo moshi umeyafanya kama pilipili, akavuka upande wa pili wa njia.

Jioni alikuja kwetu na wale wanaume wanne. Walikaa na baba uani. Nikaitwa. Onesmo alikuwepo, mguu mmoja juu ya mwingine, anachonga kijiti. Baba aliniuliza bila kuniangalia usoni.

"Mambo haya ya vyungu alfajiri. Nani amekufundisha?"

Walinigeukia wote, kama siku ile.

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. "Ni mimi mwenyewe. Tangu mwanzo. Joto ni mimi, mchwa ni mimi, na walipopona mdondo ni mimi."

Nilisubiri. Hakuna aliyecheka.